Matembezi Mepesi ya Namoratunga: Tathmini ya Safari ya Jangwani Inayouzwa Nairobi

Wakala ambaye huduma yake naitathmini hapa ana ofisi ndogo jijini Nairobi, na huuza safari ya siku nne ya kwenda Kaunti ya Turkana ambayo kipeperushi chake kinaiita matembezi mepesi ya jangwani kuelekea magofu ya kale na michoro ya miambani. Jina lake sitalitaja, kwa sababu lawama nilizo nazo ni za aina inayoweza kurekebishwa, na pia kwa sababu mawakala wengine mjini wanauza safari inayofanana na hii, hivyo anayesoma tathmini hii anaweza kuitumia kumhoji yeyote kati yao kabla ya kulipa. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa upande wa kutembea kwenyewe, yaani maji, saa, gari, kivuli na usalama, huduma hii imepangwa kwa uangalifu ambao sijauona kwingine. Kwa upande wa kumweleza msafiri kile alichokwenda kukiona, ina upungufu mkubwa, na upungufu huo unaumiza zaidi kwa kuwa kilichoko kule ni miongoni mwa hazina za kale zilizo bora kabisa katika nchi hii.

Kosa la kwanza limo katika kipeperushi chenyewe. Huko Turkana kuna sehemu mbili mashuhuri zinazoitwa Namoratunga, nazo haziko karibu. Moja iko kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kalokol, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, na ndiyo yenye nguzo 19 za mawe ya basalti zilizosimamishwa ardhini. Nyingine iko Lokori, mbali upande wa kusini, karibu na Mto Kerio, nayo ni makaburi ya kale yaliyozungushiwa mabamba ya mawe, baadhi yake yakiwa yamechongwa alama. Kipeperushi kilikuwa na picha ya nguzo za Kalokol na chini yake maelezo ya michongo ya Lokori, kana kwamba mtu akishamaliza kuzitazama nguzo atageuka tu na kuiona michongo. Kutoka sehemu moja hadi nyingine ni safari ndefu ya gari kupitia Lodwar na Lokichar, na kwa msafiri mzee, au mwenye mtoto, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama aende kote kuwili au achague sehemu moja tu. Isitoshe, neno magofu linaweza kumdanganya aliyezoea kuta za Gedi kule Kilifi au maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga kule Migori. Hakuna ukuta wa kuingia wala mlango wa kupita. Kuna mawe yaliyosimamishwa na mawe yaliyopangwa, na thamani yake humfikia yule aliyeelezwa vizuri.

Nilisafiri na shangazi yangu, mwalimu mstaafu ambaye goti lake humsumbua anaposhuka mteremko, kwa hiyo neno mepesi tulilichukulia kwa uzito tangu siku ya kuulizia. Hapo ofisini ndipo nilipoanza kuwaheshimu watu hawa. Mhudumu hakuanza na bei wala na picha za machweo, alianza kumhoji shangazi. Alitaka kujua hutembea umbali gani kwa siku ya kawaida, kama amewahi kuzimia kwa sababu ya joto, kama viatu anavyotarajia kuvaa ameshavizoea. Kisha akamuuliza, "Shangazi, hizo dawa za presha unazimeza asubuhi au usiku?" Aliuliza hivyo kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupunguza maji mwilini, akamwomba amwone daktari wake kwanza, na akakataa kupokea malipo ya awali mpaka jambo hilo limalizike. Mfanyabiashara anayeahirisha fedha iliyo mezani kwa sababu ya figo za mteja wake anastahili kusifiwa waziwazi.

Ratiba ya kutembea nayo ilionyesha kwamba aliyeipanga analijua jangwa. Lodwar hupata mvua kidogo sana, takriban milimita 200 kwa mwaka, na joto la mchana hufika nyuzi 35 au kuzipita karibu miezi yote, hivyo hakuna msimu wa baridi wa kukimbilia kama ambavyo watu wa Nairobi hufikiria wanapopanga safari ya mwezi wa saba. Kinachoweza kuchaguliwa ni saa. Mpango wao ulikuwa wa kuondoka Lodwar kabla hakujapambazuka, kushuka garini mwanga unapoanza kutosha kuona miguu, kutembea hadi karibu saa tatu, kisha kupumzika kivulini mchana kutwa na kutembea tena kidogo kuanzia saa kumi alasiri. Kati ya hapo hakuna anayetembea, hata kama ana nguvu na anaomba. Katika kundi letu kulikuwa na kijana mmoja mkimbiaji aliyetaka kurudi kwenye nguzo saa sita mchana apige picha peke yake. Kiongozi alimkatalia kwa upole, na kijana akakubali.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni namna njia yenyewe ilivyochaguliwa. Nguzo za Kalokol ziko karibu na barabara, na gari linaweza kukufikisha hapo ukateremka, ukapiga picha na kuondoka. Wakala huyu ameunda matembezi ya kilomita chache yanayoanzia mbali kidogo na kuja kuishia penye nguzo, katika ardhi tambarare ya mchanga mgumu na kokoto nyeusi, na katika njia nzima gari huwa upande mmoja, barabarani, kwa umbali ambao mtu aliyechoka anaweza kuufikia bila kubebwa. Maana halisi ya wepesi ni hiyo. Kilomita tano tambarare zinaweza kuwa adhabu kama huwezi kuzikatisha katikati, na kilomita nane zinaweza kuwa nyepesi kama kila baada ya nusu saa unaulizwa, kwa dhati, kama unataka kuingia garini. Shangazi aliingia garini mara moja, akapumzika, akateremka tena mbele yetu akitungoja, na hakuna aliyemfanya ajione mzigo.

Njia hiyo pia hufuata ukingo wa laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, badala ya kupita ndani yake, ingawa ndani kuna mchanga laini na kivuli cha mikoma. Kiongozi alieleza sababu: mvua ikinyesha milimani, mbali, mahali ambapo wewe huoni hata wingu, maji hushuka kwa ghafla katika laga iliyokuwa kavu asubuhi. Wakati wa mvua ndefu, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, wao hawauzi safari hii kabisa.

Maji yalipangwa kwa hesabu, na si kwa kukisia. Kila msafiri alitengewa lita tano kwa siku katika madumu yaliyoandikwa jina lake kwa kalamu nene, ili jioni kiongozi aone ni nani amekunywa na nani amebakisha. Jambo hili ni la maana zaidi Turkana kuliko linavyoonekana, kwa sababu upepo wa eneo lile huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, nao hukausha jasho papo hapo. Unatembea ukiwa mkavu, unadhani hutoki jasho, kumbe mwili unaendelea kupoteza maji. Kila nusu saa tulisimama, kiongozi akanywa mbele yetu, nasi tukanywa. Baada ya kituo cha pili kila mmoja alipewa pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya, ile ile inayotolewa zahanati kwa mtoto anayeharisha, kwa kuwa maji matupu hayarudishi chumvi iliyotoka na jasho. Mavazi yaliyoelekezwa yalikuwa ya kawaida: mikono mirefu ya pamba, kofia yenye ukingo mpana, leso ya shingoni na viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ya miiba na nge. Hakuna aliyeshurutishwa kununua vifaa vya bei ghali.

Sasa nguzo zenyewe. Tulizifikia jua likiwa bado chini, na kivuli cha kila nguzo kilikuwa kirefu kuliko nguzo yenyewe. Hazilingani kwa urefu. Nyingine zinafika kiunoni, nyingine zimeinama kana kwamba zimesukumwa na upepo wa karne nyingi. Ukisogea karibu utaona kwamba pande zake ni bapa na zina pembe, na mtu huweza kufikiri zilichongwa na fundi. Hazikuchongwa. Lava nzito inapopoa polepole husinyaa na kupasuka yenyewe kuwa mihimili yenye pande kadhaa, na waliojenga hapa waliichukua mihimili iliyokwisha kuumbwa na ardhi, wakaibeba, wakaisimamisha ardhini mahali walipopachagua. Juu ya nguzo nyingi kuna vijiwe vidogo vilivyowekwa kimoja kimoja. Shangazi alimuuliza mzee wa Kiturkana aliyekuwa ametupokea ni nani anayeviweka.

"Kila apitaye, mama," akajibu. "Hata baba yangu aliviweka."

Mzee huyo pia alitusimulia hadithi inayosimuliwa sana huko, ya watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka mgeni aliyekuwa na nguvu zisizo za kawaida, naye akawageuza mawe wakiwa katika mchezo wao. Alipoisimulia alikwenda kutoka nguzo moja hadi nyingine, akituonyesha aliyeinama, aliyesimama wima na wawili walioshikana mabega, nasi tulianza kuona mpangilio ambao dakika chache kabla haukuwapo machoni petu. Naamini muda tuliokaa naye ndio uliofidia sehemu kubwa ya fedha yetu, na nasikitika kwamba katika ratiba iliyochapishwa mzee huyu hatajwi kabisa. Ameorodheshwa chini ya gharama ndogondogo.

Huduma ilianguka vibaya ilipofika zamu ya kiongozi wa kampuni kueleza. Alisoma kutoka katika karatasi kwamba mahali hapa ni kituo cha kutazamia nyota kilichojengwa mwaka wa 300 kabla ya Kristo, akakunja karatasi, akatuambia tupige picha. Dai hilo halikutoka hewani. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walichapisha makala wakipendekeza kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwa nyota fulani zinazotumika katika kalenda ya Waborana, na kwamba umri wake ulikuwa karibu na huo. Lakini mapema miaka ya 1980 mwanaakiolojia Robert Soper alipima upya na kuonyesha kwamba mawe yale yana usumaku unaoweza kupotosha dira, jambo lililotia shaka vipimo vya awali, na mjadala ukaendelea baada ya hapo. Kuyasoma madai ya mwaka 1978 mbele ya wageni kana kwamba hakuna lililotokea tangu wakati huo ni kuwanyima kile kilicho bora zaidi.

Na kilicho bora zaidi ni hiki. Uchimbaji uliofanywa katika miaka ya karibuni kwenye sehemu za nguzo zilizo kandokando ya Ziwa Turkana umezirudisha nyuma hadi takriban miaka 5000 iliyopita, wakati mvua zilipopungua katika Afrika ya kaskazini na mashariki, ziwa likasinyaa, na wafugaji wa kwanza wakaingia katika bonde hili na mifugo yao. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand ilichapisha matokeo ya uchimbaji wa Lothagam Kaskazini, ambako chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi waligundua shimo walimozikwa watu wasiopungua 580 kwa kipindi cha karne kadhaa, wanaume, wanawake, watoto na wazee pamoja, wengi wakiwa na mapambo yao, shanga za mawe ya rangi na, kwa mmoja wao, kilemba kilichotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Watafiti hawakuona dalili za wakubwa waliotengwa na wadogo. Watu waliohamahama, waliokuwa wakiona ufuo wa ziwa lao ukiwakimbia, walikusanyika vizazi kwa vizazi kujenga mahali pamoja pa kuwapumzisha wafu wao. Mtu akiyasikia hayo akiwa amesimama penye nguzo, huku ziwa likiwa mbali mno kuonekana, ataielewa safari yake. Sisi tuliyasikia kwa sababu shangazi alikuwa amesoma kabla ya kuja, na ni yeye aliyewaeleza wenzetu chini ya mgunga wakati wa mapumziko ya mchana, kiongozi akiandika katika daftari lake. Nampa kiongozi huyo sifa ya unyenyekevu. Lawama yangu ni kwa walioandika karatasi yake.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Lokori, na hapa lazima niseme kuhusu usalama bila kuzungukazunguka. Turkana ni mojawapo ya kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa ambazo mwezi wa pili mwaka 2023 serikali ilitangaza kuwa na maeneo yenye vurugu kutokana na wizi wa mifugo na ujambazi, na upande wa Turkana Mashariki, ambako Lokori iko, ndio wa kuangaliwa zaidi. Wakala hakulificha hili. Tangu Nairobi alituambia kwamba Lokori ni ahadi ya masharti: jioni ya kuamkia siku hiyo angepiga simu kwa chifu na kituo cha polisi cha huko, na kama jibu lingekuwa la kusitasita, tungekwenda Eliye Springs ufukweni badala yake, bila mjadala, na tofauti ya bei ingerudishwa. Simu ilipigwa tukiwapo, sauti ikiwa wazi tusikie. Tulisindikizwa na askari wa akiba wawili ambao malipo yao yalikuwa ndani ya bei. Yeyote anayekuuzia Lokori kwa uhakika wa asilimia mia moja, miezi miwili kabla, hastahili fedha yako.

Barabara kutoka Lodwar kwenda kusini hadi Lokichar ni njema. Lokichar ndio mji uliojulikana nchi nzima baada ya mafuta kugunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012. Kuanzia hapo njia hubadilika na mwendo hupungua, na hesabu ya saa ikaanza kuharibika. Tulifika makaburini karibu na saa sita, na hilo ndilo kosa la pili kubwa la ratiba hii, kwa sababu michongo ya mawe haitazamwi saa sita.

Naomba msomaji anivumilie niieleze sababu, maana ndiyo itakayomsaidia kuliko jambo lingine lolote katika tathmini hii. Michoro ya rangi, kama ile nyekundu na nyeupe ya Kakapel kule Busia, hutegemea tofauti ya rangi na mwamba wake, nayo huonekana hata mchana kweupe kukiwa na kivuli. Michongo ya Lokori haina rangi. Ni mifereji midogo iliyogongwa kwenye uso wa jiwe kwa jiwe lingine, na baada ya karne nyingi uso wa mfereji umekuwa na weusi ule ule wa jiwe lililouzunguka. Kinachoufanya uonekane ni kivuli chake tu. Jua likiwa chini, mwanga huja kwa ubavu, ukingo mmoja wa mfereji ukang'aa na mwingine ukafichika, na alama husimama wazi. Jua likiwa utosini, mwanga huingia mpaka chini ya mfereji, vivuli hufa, na jiwe lililochongwa hufanana na jiwe lisilochongwa. Tulizunguka makaburi yale kwa muda tukiwa na joto na kukata tamaa, wengine wakianza kurudi garini, wakiamini kwamba hakuna cha kuona.

Aliyetuokoa ni mzee mwingine, wa Lokori. Alimwomba shangazi kioo chake kidogo cha mkobani, akaomba wanaume wawili washike leso juu ya bamba moja kulitia kivuli, kisha akasimama pembeni akauokota mwanga wa jua kwa kioo na kuutupa juu ya jiwe kwa ubavu. Alama zikajitokeza: duara lenye mstari katikati, mistari iliyopinda kama pembe, nyingine kama uma. Alipokihamisha kioo polepole, alama moja ilififia na nyingine ikaja, hadi tukatambua kwamba bamba tulilokuwa tumelipita mara kadhaa lilikuwa limejaa. Mzee aliziangalia, akanyoosha kidole kwenye moja, akasema ng'ombe wa shemeji zake wana chapa inayofanana na hiyo. Lynch na Robbins walilisema jambo hilo hilo katika miaka ya 1970, kwamba michongo hii inafanana na chapa ambazo wafugaji wa eneo hilo bado huzichoma kwenye ngozi za mifugo yao. Kaburi walilolichimba lilitoa umri wa takriban miaka 2300, ilhali Waturkana walifika hapa baadaye sana, hivyo kufanana huko kunaacha maswali mazuri kuhusu ni nani aliyechonga na ni nani aliyerithi chapa kwa nani. Kioo hakiumizi jiwe. Kinachoumiza ni chaki, maji, mkaa na vidole, na nilifurahi kuona kwamba kiongozi alisimama imara juu ya hili na akatukumbusha kwamba Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu hivi vya kale, hata kipande kidogo kilichoanguka.

Mengine nitayapitia haraka. Chakula kilikuwa cha kutosha na safi. Samaki wa Kalokol alikuwa mtamu sana. Malazi ya Lodwar yalikuwa na neti zisizo na matundu, na wakala alituhimiza kuulizia kinga ya malaria kabla ya kuondoka. Mtandao wa simu hukatika mara tu unapoacha miji, hivyo beba fedha taslimu. Jioni ya kuwasili tulipelekwa kuiona nyumba ya Lodwar ambamo Jomo Kenyatta aliwekwa kabla ya kuachiliwa mwaka 1961, ziara fupi ya kufaa kwa mtu aliyetoka uwanja wa ndege na ambaye bado hajazoea joto. Bei siiandiki kwa kuwa hubadilika kulingana na nauli ya ndege ya Lodwar na idadi ya watu, lakini kwa kundi dogo si bei ya kubahatisha. Omba mchanganuo, uone ni kiasi gani kinakwenda kwa wazee wenyeji. Kwetu kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na kazi waliyofanya, na tuliwaongezea wenyewe mkononi.

Kwa mwenye kupanga safari hii, na natamani wengi waipange, ningeshauri mambo yafuatayo yaandikwe katika mkataba kabla ya kulipa. Kalokol iwe alfajiri kama ilivyo sasa. Usiku wa kuamkia Lokori ulalwe Lokichar badala ya Lodwar, kwa mabadiliko hayo peke yake msafiri atafika makaburini mapema zaidi, jua likiwa bado linalala juu ya mawe, na atayaona yale ambayo sisi tuliyaona kwa msaada wa kioo. Kama polisi hawaruhusu kusafiri alfajiri katika njia hiyo, basi ziara ifanywe alasiri, na kama hilo nalo haliruhusiwi, Lokori iachwe na bei ipunguzwe. Mzee wa mahali atajwe kuwa ndiye mwelezaji, apewe muda wake na malipo yake. Na kabla ya kuruka, wakala awapeleke wasafiri Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi asubuhi moja, wakayaone mabaki ya Mvulana wa Turkana, mifupa ya kijana wa binadamu wa kale, yaliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, ili waingie katika bonde lile wakiwa wanajua kina cha historia watakayoikanyaga.

Niliyapeleka maoni haya ofisini kwa maandishi. Meneja alinipigia siku iliyofuata, akaomba majina ya watafiti niliowataja, akaahidi kuitenganisha picha ya Kalokol na maelezo ya Lokori katika kipeperushi kipya. Kuhusu kulala Lokichar alisema anaongea na nyumba moja ya wageni huko. Shangazi ameshaweka jina lake kwa safari ya mwezi wa nane, kwa sharti hilo la Lokichar, na amenunua kioo kikubwa zaidi.